Meno Mawili ya Chini

Jumatatu, 6 Juni 1938

Mwalimu Mangeni ametangaza kwamba Ijumaa nesi Mzungu wa Tororo atakuja hapa Merikit kutukagua ngozi, macho na meno. Atachagua msichana mmoja akajifunze kwake kazi ya kutibu macho. Mmoja tu! Lazima niwe mimi. Kope za Bibi zimegeukia ndani, zinamkwaruza macho mchana kutwa. Jioni hii amemimina uji pembeni mwa bakuli. Nikijifunza, nitamtibu mwenyewe kabla hajapofuka.

Mshindani ni Aboth peke yake. Sina hofu. Kwao walimng'oa meno mawili ya chini, kimila. Mimi, Bibi alipotaka kuning'oa, nilikimbilia kwa katekista wa kanisani. Yangu yote yapo.

Jumanne, 7 Juni

Mwalimu amefundisha: nawa uso kila asubuhi kwa maji safi, usitumie kitambaa cha mwenzako, piga mswaki. Aboth ameandika yote. Mimi sikuandika. Maji kila mtu anayo. Nesi atamchagua mtu kwa sababu ya maji?

Ngozi yangu imepauka. Mjomba Oluka ameleta samaki kutoka ziwani, Majanji. Nimeomba mafuta yao, nimejipaka kuanzia paji la uso hadi nyayo. Nang'aa kama sufuria mpya.

Jumatano, 8 Juni

Nzi. Nzi wa Merikit nzima.

Mwalimu alikuwa akieleza jinsi nzi anavyobeba ugonjwa kutoka jicho la mtu hadi jicho la mwingine. Akaniita mbele niwe mfano. Edeku wa dawati la nyuma akauliza kama nauzwa mzima au kwa mafungu. Darasa likacheka. Aboth hakucheka, akanipa kipande cha sabuni. Hila hiyo. Nimemrudishia.

Alhamisi, 9 Juni

Nimeamka jicho la kulia limegandana. La kushoto linafuata. Nimetia maji ya ndimu ili weupe urudi. Sitaeleza zaidi.

Meno nimeyasugua kwa mkaa na mchanga mpaka fizi zikatoka damu. Mkaa umeingia katikati ya meno, hautoki. Bibi ameuliza nalia nini. Nimesema moshi. Akasema hata yeye moshi unamsumbua. Kisha akakumbuka kwamba moto haujawashwa.

Ijumaa, 10 Juni

Nesi ameuliza, kupitia kwa Mwalimu, nimejifanyia nini. Nikatabasamu ili aone meno. Akarudi nyuma. Amenisafisha macho, amenipa kitambaa, ameagiza nitumie maji safi tu na nisiyaguse kwa mikono.

Aboth alikuwa na uso uliooshwa kwa maji, basi. Alipofungua kinywa, nesi alichungulia lile pengo, akauliza habari zake, akasikiliza, akatabasamu. Amemchagua Aboth.

Jioni Aboth amekuja nyumbani. Akasema, "Dada Akiteng, mlete Bibi Tororo siku ya soko. Nimemweleza nesi habari zake. Kope zile atazing'oa kwa koleo dogo."

Nilimshukuru. Nikamwambia kwamba Bibi ana mganga wake tayari. Akauliza ni nani. Nikamwonyesha njia ya kurudi kwao.

Bibi aliuliza nilikuwa naongea na nani. Nikasema ni mtu aliyepotea.

Jumapili, 12 Juni

Nimefikiri ibada nzima. Hata wimbo wa mwisho sikuusikia. Si ngozi, si macho, si maji. Nesi alitazama nini kwa muda mrefu vile? Pengo! Alitabasamu alipoliona pengo. Na anarudi baada ya mavuno ya ulezi kutukagua tena. Huenda akachukua mwingine.

Nimemwambia Bibi kwamba nimebadili mawazo juu ya yale meno mawili. Amefurahi, na tangu Pasaka sikuwa nimemwona akifurahi. Akasema alijua nitarudi kwake. Zamani watoto wa vijiji vyote vya jirani waliletwa kwake. Nimemtafutia kile chuma chake cha kung'olea meno chini ya kitanda. Anasema siku hizi haoni jino lipi ni lipi, lakini atapapasa kwa kidole.

Nimekaa mlangoni penye mwanga ili iwe rahisi kwake. Bibi ameshika chuma, anatazama upande wa ghala. Anauliza kama nimeshakuja.

Nipo mbele yake.