Malalamiko Kuhusu Mipira Mitatu ya Pikapu Yangu

Makwale, Kyela
Jumatano

Kwako Nsajigwa, Mwenyekiti wa Kikao cha Ukoo na mdogo wangu wa tumbo moja,

YAH: KUFUNGWA KWA GEREJI YA MKWE WETU LUSUNGU

Ugonile, Mwenyekiti. Huku sote wazima, mpunga umeanza kuinama na kakao ipo juani. Mgonjwa ni pikapu peke yake. Nakuandikia kirasmi wala si kindugu, kwa hiyo usicheke.

Unajua kwamba injini ya zamani ilinifia mwezi uliopita. Nikanunua nyingine ya mtumba, na kazi ya kuifunga nikampa Lusungu, mke wa mwanangu Ipyana, kwa sababu ninyi wenyewe mlisema toka hapa mpaka Itungi hakuna fundi anayemfikia. Kwa mila ya ukoo wetu, baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani wala hawasemezani. Basi yeye alikuwa uani na spana zake, mimi nyuma ya migomba. Ijumaa alipomaliza alipita njia ya mtoni, ndipo nikatoka. Heshima ilitunzwa, gari ndilo halikutunzwa.

Injini hii ina mipira mitatu myembamba inayovuta upepo: mmoja unalainisha breki, mmoja unazima injini, mmoja unayaingiza magurudumu ya mbele kazini wakati wa tope. Malalamiko yangu ni haya:

1. Breki. Ufunguo ukiwashwa, pedali inakuwa ngumu kama jiwe la kusagia. Jumapili niliikanyaga kwa miguu yote miwili, mzee wa kanisa mzima na suti yangu, nikapita mlango wa kanisa, nikapita nyumba ya mchungaji, nikasimama ndani ya mpunga wa jirani yetu Anyosisye. Alidhani nimekuja kumsalimia, akaniletea kiti.

2. Kuzima. Nilipozungusha ufunguo nizime, injini iliendelea kunguruma. Lakini breki, Mwenyekiti, zikalainika hapo hapo! Tangu siku hiyo naendesha gari ambalo ufunguo wake nimeuzima bila kuuchomoa. Najua si uendeshaji wa mtu mwenye akili timamu, ila ndio ulio salama.

3. Tope. Juzi nilikwama Katumba Songwe nikiwa na vyungu arobaini vya mke wangu Elizabeth, ambaye ni mzaliwa wa Wakisi, watu wa ufinyanzi, na anakijua kila chungu chake kwa sura. Nikabonyeza kitufe cha magurudumu ya mbele. Injini ikazima. Namna ya kuizima nikawa nimeipata, lakini nimeipatia topeni. Vyungu tulivibeba kwa mikono hadi barabarani. Mimi nilibeba viwili, na kimoja sikufika nacho.

4. Mapambo. Hili ndilo limeniuma kuliko yote. Kila mpira aliufunga kipande cha kitenge, kimoja chekundu, kimoja cha kijani, kimoja cha njano, na pale unapochomekwa akafunga kipande kingine cha rangi ile ile. Injini ya mzee wa kanisa ikafanana na bibi harusi! Jumamosi nilivifungua vyote, nikaichomoa mipira ili nioshe injini vizuri, kisha nikairudisha kwa akili zangu mwenyewe. Pamoja na msaada wote huo niliompa, kesho yake gari likaharibika.

Kwa hayo naomba kikao cha Jumamosi kifunge gereji ya Lusungu. Fundi asiyeweza kusema na mwenye gari ni hatari kwa taifa. Tena wake wa wana wetu wote wakatazwe kugusa injini, mashine ya kukoboa, na kwa tahadhari hata pampu ya baiskeli, maana nayo ina mpira na upepo. Najua gereji hiyo ndiyo inayosomesha wajukuu zangu, na roho inaniuma, lakini haki haina mjukuu.

Nisalimie shemeji na watoto, nisalimie jirani yako Hezroni na goti lake bovu, na huyo ng'ombe aliyezaa mapacha mpe pole.

Ni mimi kaka yako, mwenye gari lisilozimika,
Anyisile

Tanbihi, Alhamisi: Elizabeth, ambaye ndiye wa kukuletea barua hii, ameisoma kwanza. Alipofika namba nne aliketi chini akacheka mpaka khanga ikamvuka. Kumbe vile vitambaa havikuwa mapambo. Chekundu kwa chekundu, kijani kwa kijani, njano kwa njano: kwa kuwa Lusungu hawezi kusema nami, alinisemesha kwa vitenge. Mimi nilikuwa nimechomeka mpira wa breki mahali pa ule wa kuzima, na wa kuzima mahali pa ule wa magurudumu. Elizabeth alijua, ila aliona hahitaji kunieleza, maana hata kuku wangeelewa.

Asubuhi hii Lusungu amekuja, nami nikarudi migombani kwangu. Ndani ya dakika kumi alikuwa ameipanga mipira, na vitambaa safari hii amevikaza kwa waya. Akawasha, akazima, injini ikanyamaza kama injini ya watu. Nikasema kwa sauti kubwa toka migombani: ndaga fijo, asante sana, mwanangu, wewe ulifunga vizuri, aliyeharibu ni mimi. Nilisikia tu spana ikigonga bampa mara mbili, polepole.

Kwa hiyo futa maombi yangu yote. Gereji isiguswe, na Jumamosi kikao kiniite mimi. Mkiniuliza kama nimesemezana na mkwe wangu, nitajibu kwamba nilikuwa naongea na mgomba.