Mgeni wa Saa Elfu Mbili

Jumatatu, 6 Novemba
Nimetimuliwa tena. Vyumba vitatu jioni moja. Tangu ofisi inihamishie huku Akita, kaskazini mwa Japani, bila mke wala watoto, sauti pekee inayonisemesha baada ya kazi ni ya bafu, likitangaza kwamba maji yamepata moto. Ndiyo maana nacheza gemu la kuwinda madubwana. Huchezwa mtandaoni, katika vyumba vilivyo wazi kwa yeyote. Mnawinda wanne, na mkianguka mara tatu mmeshindwa wote. Mimi huangushwa nikiandika salamu. Sasa nifanyeje? Huwezi kuingia kwa watu bila kujitambulisha, kuomba radhi kwa usumbufu na kuomba uvumiliwe. Nikifika kwenye radhi, dubwana limeshanimaliza.

Jumanne, 7 Novemba
Kuramochi wa meza ya pembeni anajigamba ana chumba chake na marafiki watatu. Nikamwomba anialike. Kasema atalifikiria. Ofisini kwetu hiyo ni hapana. Sawa. Nimeona chumba kimeandikwa "Wanaoanza karibuni". Wanaoanza huvumiliwa! Basi miaka yangu minne ya kucheza naificha, nitajifanya ndiyo kwanza naanza.

Alhamisi, 9 Novemba
Nimeingia. Nikaandika kwamba gemu nimelinunua jana. Mwenye chumba anajiita Bibi Figili, na ni bibi kweli, ana miaka sabini na mmoja, hukausha figili kwa moshi huko milimani. Akaniandikia, "Karibu mwanangu, usiharakishe. Sisi tutalizungusha hili dubwana, wewe maliza salamu zako." Wakalizungusha dakika nzima. Nimeanguka mara mbili tu! Tulipomaliza wote waliniandikia pole na kazi. Nimeisoma mara sita. Machozi yamenitoka, na sioni aibu kuyaandika.

Jumamosi, 11 Novemba
Nimenogewa. Nikauliza dawa hunywewa kwa kitufe gani. Nikauliza pia dubwana ni lipi. Mchezaji mmoja, Shoka, akanihurumia na kunipa ngao. Nikamshukuru kwa mistari minne. Ghalani ninazo tisa kama hiyo.

Jumapili, 12 Novemba
Balaa. Shoka kauliza kwa upole mbona chini ya jina langu pameandikwa saa 2,140. Kila mchezaji huandikiwa saa alizocheza, na kila mtu huziona. Nilisahau kabisa. Nikakaa nikisubiri kutimuliwa. Bibi Figili akanitangulia kujibu: "Wenzako tuliziona tangu Alhamisi, Shoka, tukanyamaza. Mtu katafuta pa kukaribishwa, unamhesabia saa za nini?" Kisha akanigeukia: "Na wewe kesho uje, usituonee haya. Ila hilo la kuuliza dubwana ni lipi, mwanangu, lilizidi."

Jumatatu, 13 Novemba
Nimeshukuru siku nzima. Hata Kuramochi nimemwinamia, akashtuka. Nimekubaliwa nilivyo, na saa zangu zote, na sina tena haja ya kumdanganya mtu.

Jioni nikaingia. Wakaandika "umefika", kama kwa mtu wa nyumbani, wakaendelea kuwinda. Furaha iliyoje. Mara akaingia mgeni, mwanamke wa Nagasaki, hajui hata kutembea ndani ya gemu. Bibi Figili akamwambia asiharakishe, akamwita mwanangu. Wote wakaanza kumzungushia dubwana, mimi nikiwa mmoja wao, na wivu umenijaa hadi kooni.

Makaribisho yale ni matamu mno kuyapata mara moja tu maishani. Nimefungua akaunti nyingine, saa sifuri. Kesho nitaingia kama mjane wa miaka themanini. Safari hii hawatagundua.