Kifuniko cha Mpira

Jumatatu, 3 Machi
Daktari amesema moyo wangu umechoka. Nihesabu wiki, si miezi. Kwani nani alimwuliza? Basi sina budi kuungama kwa shemeji, kaka wa marehemu mke wangu. Miaka thelathini na minane iliyopita tulikuwa mafundi wa rada za ndege za kivita, karakana moja. Nilisahau kifuniko cha mpira ndani ya bomba linalopeleka mawimbi kwenye antena. Rada ilipowashwa, mawimbi yakakosa njia, yakarudi nyuma, yakaunguza transmita, mtambo unaoyatoa. Nikakichomoa kifuniko, nikakitia kwenye sanduku la vifaa la shemeji. Kikakutwa humo kimeungua, wakubwa wakamtupa stoo, kugawa skrubu hadi alipostaafu. Cheo alichokuwa akikingoja nikapewa mimi.

Jumanne, 4 Machi
Mpango wa kwanza: barua, aisome nikishazikwa. Hapo atamgombeza nani? Nikamkabidhi binti yangu aitunze. Akaifungua mbele yangu, bila haya! Akasema, baba, mambo haya mtu huambiwa usoni. Akaichana. Ulimi wa mama yake huo.

Alhamisi, 6 Machi
Mpango wa pili, bora zaidi. Nitajifanya nakata roho. Nani atamkasirikia mtu anayekata roho? Asubuhi nzima nimefanya mazoezi ya kuhema mbele ya kioo. Binti kapita, kauliza kama nimekwamwa na mfupa.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa! Shemeji kaja na mkongojo wake, kakaa ukingoni mwa kitanda. Nikahema. Nikaanza mbali ili nipate ujasiri. Anaikumbuka rada yetu? Transmita inatoa mawimbi, antena puani mwa ndege inayatupa mbele, yakigonga kitu yanarudi, risiva inayapokea, kompyuta inayachambua, rubani anaona nukta kwenye skrini. Akanikatiza: na swichi je? Ile inayoikinga risiva wakati transmita inanguruma, nimeiacha wapi? Nikasema kila mtu anajua swichi ipo. Akasema ndivyo nilivyo siku zote, najua makubwa, nasahau madogo. Mimi? Nikakaa wima! Nikafoka kwamba maishani nimesahau kitu kimoja tu, kile kifuniko, na hata hicho nilikitia sandukuni mwake!

Shemeji akaulaza mkongojo sakafuni.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alisema polepole kwamba miaka yote hiyo aliamini ni yeye aliyesahau. Kwamba hadi leo hagusi chupa bila kukagua kifuniko mara tatu. Nikalia kama mtoto. Akanifuta machozi kwa shuka langu, akaomba jambo moja tu: niiandikie karakana, jina lake lisafishwe kabla yeye naye hajaondoka. Mlangoni akageuka, akasema kwa mtu anayekata roho nina mapafu ya mpiga tarumbeta.

Jumapili, 9 Machi
Barua imekwenda. Safari hii niliibandika gundi kabla binti hajaitia mkononi. Nimeandika wazi kwamba shemeji hana hatia hata chembe. Nilipofika pa kuandika “ni mimi”, nikaiweka kalamu chini. Moyo huo! Na daktari kaniambia nisiuchoshe. Kwa hiyo nimeandika kwamba kifuniko kilisahauliwa na aliyekuwa msimamizi wetu. Ni marehemu, hakuacha mjane wala mtoto, hatabisha. Tukikutana huko ninakokwenda, nitajifanya simkumbuki.