Martenitsa ya Krum

Jumamosi, 1 Machi

Mjukuu wangu Ralitsa ameondoka asubuhi kwenda Sofia kwenye mitihani. Atarudi Jumapili ya tarehe tisa. Ameniachia Krum, iguana wake, mjusi wa kijani mrefu kuliko mkono wangu, na karatasi ya maelekezo iliyojaa mbele na nyuma. Sikuisoma. Nilifundisha biolojia hapa Ruse miaka thelathini na sita.

Ieleweke kwamba jambo hili ni zaidi ya mjusi. Binti yangu Vesela amesema waziwazi: baba akishindwa kutunza mjusi siku nane, hawezi kuishi peke yake. Nyumba ifungwe, nihamie kwake Sofia. Ghorofa ya kumi na moja. Lifti mbovu.

Leo ni siku ya martenitsa, uzi mwekundu na mweupe. Kila unayemtakia afya unamfunga: watu, ndama, hata miti michanga. Nikajifunga mkononi. Ingekuwa aibu kumwacha Krum. Shingoni utamkaba. Miguuni ana kucha. Nikachagua mkia. Fundo mara mbili, lisifunguke.

Akajipinda mara moja tu. Nikabaki na mkia mkononi, unachezacheza wenyewe, martenitsa juu yake. Mwenyewe yuko juu ya kabati.

Sura ya wanyama watambaao ilikuwa ya mwisho kitabuni. Hatukuwahi kuifikia kabla ya likizo.

Jumapili, 2 Machi

Damu imekoma. Mkia uko kwenye friji, ndani ya mtungi wa achari, endapo daktari atataka kuushona. Jeraha nimelifunga kwa kitambaa kilicholowa rakia, pombe yetu kali ya matunda. Mimi nililelewa kwa rakia: kifua, goti, jino. Krum hakulelewa hivyo. Alipanda pazia, pazia likashuka naye.

Kishindo kikamleta Bi Zdravka wa ghorofa ya chini, muuguzi mstaafu, anayejua kila kitu. Akanusa. Akauliza anayekunywa ni nani, mimi au mjusi. Kisha akatoa amri. Pombe hapana, mafuta hapana, bandeji hapana. Iodini izimuliwe mpaka iwe rangi ya chai, mara mbili kwa siku. Maganda ya mti yatolewe kizimbani, zitandikwe karatasi za jikoni, safi na kavu. Taa ya joto iwake kutwa. Na mikono yako, mwalimu, iweke mfukoni.

Nikamwambia nitalifikiria. Nikamwomba asimwambie mtu. Akasema yeye ni kaburi.

Jumatatu, 3 Machi

Sikukuu ya taifa. Bendera kila dirisha, madaktari wa mifugo wote wamefunga. Krum hali chakula. Nimempa boga lililokunwa. Akageuza uso. Nimempa majani machanga niliyochuma kando ya mto Danube. Akafumba macho.

Ralitsa anataka picha. Nimepiga kichwa tu. Amejibu: mzuri, babu, sasa nitumie mzimamzima. Nikamwandikia kwamba simu yangu haichukui vitu virefu.

Jumanne, 4 Machi

Nimempata daktari kwa simu. Mkia haushonwi. Bahati ikiwepo utaota mwingine, mfupi na mweusi kidogo. Jeraha likioza, ni hatari kwa uhai wake. Kisha akataja iodini, rangi ya chai, karatasi za jikoni. Neno kwa neno. Nashuku Bi Zdravka alimpigia kabla yangu. Nimefuata hata hivyo, nithibitishe kwamba haisaidii.

Bado hali chakula. Siku ya tatu. Nimekaa, nimesimama, nimekaa tena. Nimepiga magoti mbele ya kioo cha kizimba nikamwambia, kula hata jani moja, mwanangu. Ghorofa ya kumi na moja nimeikumbuka baadaye sana.

Alhamisi, 6 Machi

Suluhisho! Soksi ya kijani ya marehemu mke wangu, iliyojazwa pamba. Kwa mbali ni mkia kamili. Nikaenda sokoni kutafuta lastiki.

Niliporudi, sahani ya Krum ilikuwa tupu. Maelezo ni mepesi: aliiona soksi mezani, akapata moyo. Karatasi za kizimba nazo zilikuwa mpya, na nyumba ilinukia sabuni ya Bi Zdravka, ambaye ana ufunguo wetu wa akiba. Sioni uhusiano.

Jumapili, 9 Machi

Ralitsa amefika saa nne asubuhi. Krum alikuwa tayari amevaa. Ralitsa akatazama kwa muda, akauliza kama ile si soksi ya bibi. Nikaanza kumweleza jinsi magamba yanavyobadilika majira ya kuchipua. Krum akatembea. Soksi ikabaki.

Akasema: babu, Bi Zdravka alinipigia Jumapili ile ile, hata ngazi hajamaliza kushuka. Kaburi gani hilo!

Akamgeuza Krum, akachunguza. Pakavu, safi, hapanuki. Akanibusu kichwani. Mama hajui, akasema, na kwangu hatajua. Chumba chake cha chuoni kina baridi, kwa hiyo Krum atabaki nami hadi kiangazi. Sharti ni moja: usimfunge kitu chochote tena. Nikaapa.

Kisha akafungua friji kutafuta achari. Hayo siandiki.

Jumapili, 30 Machi

Nimemwona korongo wa kwanza juu ya Danube. Ukimwona, unavua martenitsa na kuitundika kwenye mti unaochanua. Yangu iko kwenye mplamu wa uani. Ya Krum nimeifua na kuiweka kwenye droo. Bado nzima kabisa.

Kwenye kisiki cha mkia pametokeza nundu nyeusi. Bi Zdravka anasema ni kazi ya iodini. Masikini, hana mafunzo ya sayansi. Mnyama alifungwa uzi wa afya, sasa ana afya. Kosa lilikuwa lile fundo la pili.

Nimeipima nundu kwa rula. Milimita nne. Kwa mwendo huu, ifikapo Machi mosi mwakani patakuwa na nafasi ya fundo moja, lililolegea.