Mulini Zimekataa Kusimama

Jumatatu, 8 Agosti 1988
Omera, ndugu yangu Macho-Nne, wewe unayefungua daftari ya watu bila kubisha, karibu. Kaa chini uone akili ikifanya kazi.

Mambo iko hivi. Jumamosi Seline, binti ya Mama Obiero wa Milimani, anaolewa. Mama pia anatafuta mtu wa bustani. Tuko wawili: mimi Oketch, na jirani yangu Waliaula, mtu wa Bungoma. Yule maua yake yatapendeza kanisani ndiye atapata kazi. Waliaula ana maua ya kana, nyekundu. Kana! Kila choo hapa Manyatta iko na kana nyuma yake.

Mimi niko na mulini. Mbegu nilipewa na mzungu akihama. Picha kwa pakiti: mnara wa maua ya njano, majani rangi ya fedha, urefu kushinda mtu. Nimeahidi Mama minara minne mlangoni mwa kanisa. Pakiti imeandikwa biennial. Hiyo sikuuliza mtu, nilijisomea. Bi ni mbili. Inatoa maua mara mbili kwa mwaka. Nilipanda Februari, ongeza miezi sita, Agosti. Rahisi.

Shida moja ndogo. Zote zimelala chini kama sahani.

Jumanne, 9 Agosti
Mmea hufuata mwanga! Nimefunika mulini sita na debe zenye tundu juu, zirefuke zikitafuta jua. Saa nane Waya Dorca, dada ya baba yangu, mwenye hii boma, akatoka kuuliza nani anachemsha mboga. Nikainua debe. Sita zimeiva. Waliaula kwa fensi akauliza, kwa heshima kabisa, kama nahitaji chumvi.

Jumatano, 10 Agosti
Mbolea. Nimeleta ndoo ya matumbo ya samaki mbuta kutoka bichi, nikazika kando ya kila mmea. Kufika adhuhuri mbwa wote wa Manyatta wako na mkutano hapa, wanafukua. Mulini zimebaki nane. Waya anasema mbwa wamenishinda kulima.

Alhamisi, 11 Agosti
Ujumbe umekuja: Mama anafika kesho asubuhi kuona minara. Waliaula akaja na wazo, ati tuchanganye, kana zake zisimame juu, majani yangu yatandazwe chini. Nikamwambia mimi si kitambaa cha meza.

Nimekata matete manne ziwani. Nimeyasimamisha katikati ya mulini nne, nikafunga majani kwa uzi mpaka juu. Kileleni, yale maua ya njano machungu ya kando ya barabara. Safi! Mzee mmoja alipita akavua kofia.

Ijumaa, 12 Agosti
Mama alishuka kwa Peugeot na Seline. Kutoka langoni walifungua midomo. Nikaanza kuwapa sayansi. Seline akavuta ua anuse. Ua likamfuata. Tete likafuata ua.

Mama amefundisha shule miaka thelathini. Aliomba pakiti, akavaa miwani.

“Oketch mwanangu, biennial si mara mbili kwa mwaka. Ni mwaka wa pili. Mwaka huu inalala, inapigwa na baridi ya kwao Ulaya, mwaka ujao ndio inasimama.”

Nikasema labda pakiti imekosea. Waliaula alicheka mpaka akashikilia fensi.

Kazi imeenda, nikajua. Lakini Seline alikuwa amechuchumaa, anapapasa jani. Akasema ni laini kama blanketi ya mtoto, na anataka majani hayo kwa harusi yake. Hapo Waliaula akatoa lile wazo lake tena. Hakusema kwamba jana nililikataa. Mtu wa ajabu.

Jumamosi, 13 Agosti
Harusi! Kana nyekundu juu ya majani ya fedha. Watu walipapasa majani zaidi kuliko walivyosalimia bwana harusi. Nilielezea kila mtu kwamba wazo lilikuwa langu. Mara ya tatu Waliaula alikuwa nyuma yangu.

Mama ameamua. Kazi ni ya Waliaula, mimi msaidizi wake. Majani ya mulini nne yameisha kanisani. Nne zilizobaki nizihamishie Milimani. Zikitoa maua mwakani, nabaki. Zikikufa, narudi kwa Waya na mbwa. Sharti la Mama nikishazihamisha ni moja.

“Oketch, ngoja. Usiziguse.”

Jumapili, 14 Agosti
Nimeshazihamisha. Zinapendeza.

Mahubiri leo yalikuwa marefu, nikapata nafasi ya kufikiria. Mwaka kwa mmea ni nini? Ni baridi tu. Inalala, inasikia baridi, inaamka. Sasa kwa nini tungoje Ulaya?

Kesho Mama yuko Nairobi. Waliaula anaenda Bungoma kuchukua nguo zake. Na rafiki yangu Oduor, anayepakia samaki, ameniahidi magunia mawili ya barafu. Mwaka mzima, asubuhi moja! Mama amesema nisiziguse. Sitazigusa. Barafu ndiyo itazigusa.

Sema ukweli, Macho-Nne: ungekuwa wewe, ungekaa miezi kumi na miwili ukitazama majani?