Rimoti ya Kulaza Kisanduku

Penye watu wenye hasira hapakosi mwuza dawa. Lyle Pruett aliingia kwenye mgahawa wa madereva nje ya mji wa North Platte na begi lake la ngozi, tumbo likiwa tupu tangu jana, akawakuta wanaume wazima wakikitukana kisanduku. Akajua riziki imeshuka.

Kisanduku hicho kimefungwa kwenye malori kwa amri ya serikali. Gurudumu likizunguka kinaandika, na saa za kazi zikiisha kinakutaka upumzike, hata kama unaliona paa la nyumba yako. Zamani dereva aliandika saa zake kwa kalamu, na kalamu, Mungu aisamehe, ilikuwa na huruma. Wakubwa wakasema kisanduku kitaokoa roho za watu. Huenda. Ila hawakumgusa mwenye ghala la nyama, anayemngojesha dereva mzigo mlangoni nusu siku bila malipo huku saa zake zikiliwa. Dereva akitoka hapo anakimbia kama mwizi ili azifidie, na akigonga mtu, kosa ni lake. Mwenye ghala hajawahi kufungiwa kisanduku.

Gurnek, Mpunjabi mwenye kilemba cha buluu, alikuwa akikitetea. Enzi za kalamu, alisema, bosi alimwendesha mpaka akawa anaona ng'ombe weupe wakivuka barabara ambayo haina ng'ombe. Siku hizi humjibu bosi kwamba kisanduku kimekataa, basi. Clete, jitu la ndevu, akasema kisanduku hakijui nani amechoka na nani hajachoka, kinajua saa tu, na Jumamosi binti yake anaolewa Wyoming. Wote wawili walisema kweli. Na wakweli wawili wakibishana, tapeli huvuta kiti.

Lyle akavuta kiti. Akatoa begini rimoti za milango ya gereji alizozipaka rangi nyeusi.

"Unabonyeza mara moja," alisema kwa upole, "kisanduku kinadhani umeegesha."

"Umezitoa wapi?" Clete akauliza.

"Kwa jamaa aliyevitengeneza visanduku vyenyewe. Walimfukuza kazi bila hata kiinua mgongo."

Hapo akawapata. Hakuna dereva asiyemwamini mtu aliyefukuzwa bila kiinua mgongo. Gurnek peke yake alirudi kwenye chai yake. Wengine walinunua mpaka begi likabadilisha mzigo, rimoti zikatoka, noti zikaingia. Lyle akawaonya wasizibonyeze kabla ya jua kugeuka, eti lazima kwanza zizoeane na injini.

Lakini baba wa bibi harusi hana subira. Kupitia dirishani Lyle aliliona lori la Clete likizunguka uwanjani, likasimama, na Clete akashuka akiwa ameishika rimoti kama mtu aliyeshika panya aliyekufa. Lyle akatoka kwa mlango wa jikoni.

Nyuma huko Ardith Skaggs, mama wa makamo aliyekuwa meza ya jirani akila pai na kusikia kila neno, alikuwa akipanda lori lake la viazi. Lyle akamwomba lifti mpaka Cheyenne.

"Panda, mwanangu."

Hawakwenda mbali. Kando ya shamba la mahindi Ardith akaegesha, akazima injini, akavua viatu.

"Saa zangu zimekwisha. Tunalala hapa mpaka kesho."

"Hapa, mama?"

"Sheria hiyo. Soma mwenyewe."

Lyle akakitazama kioo cha kisanduku, mistari na rangi na tarakimu, akatikisa kichwa kama daktari. Alikuwa ameuza dawa ya kukilaza na hakuwahi hata siku moja kukisoma. Wakati huohuo redio ya madereva ikakoroma: Clete anauliza nani amemwona mtu mwenye begi la ngozi, na yuko njiani anakuja upande huu.

"Si unayo dawa?" Ardith akasema. "Kilaze tuondoke."

"Haifanyi kazi."

"Leo, au tangu izaliwe?"

"Tangu izaliwe."

"Haya. Wanamtafuta mtu mwenye begi. Liache hapa, ingia kwenye mahindi. Wakifika nitasema sijaona mtu."

Lyle alilikumbatia begi kama mtoto wa kumzaa. Ndilo lililokuwa shibe yake ya majira yote. Akafikiria mikono ya Clete, akaliweka kitini, akashuka, akajibanza katikati ya mabua.

Kisha akasikia injini. Lori lililokatazwa kutembea mpaka kesho liliingia barabarani na kuondoka bila haraka, kama lori lenye saa tele za kutumia. Lyle akataka kupiga kelele, akakumbuka kwamba hana wa kumpigia.

Vumbi halijatulia, lori la Clete likawasili. Clete hakutafuta huku wala huku; alishuka, akapangusa mikono kwenye suruali, akaja moja kwa moja.

"Toka, kaka," akasema. "Hela zetu mama anatugawia kituo kinachofuata. Wewe amesema redioni uko mstari wa tatu wa mahindi."