Kompyuta ya Kumkomesha Shemeji

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimedhalilishwa. Jana shemeji, kaka wa mke wangu, alitualika kwake kuona kompyuta yake mpya ya michezo. Tukacheza mbio za magari. Akanipita mizunguko mitatu huku anapiga soga! Gari langu likaishia mtaroni, matairi juu. Watoto wake wakacheka. Mke wangu akacheka zaidi yao.

Nikamwambia sikushindwa na yeye, nimeshindwa na mashine yake. Jumapili aje kwangu tucheze kwenye yangu. Akauliza ipi hiyo. Nikajibu kwamba naiunda mwenyewe. Tukawekeana dau: atakayeshindwa atamwita mwenzake "Mwalimu" mbele za watu mwaka mzima.

Siku sita. Tele! Mimi ni fundi cherehani. Kompyuta ni suti tu: vipande vikikaa vizuri, umemaliza.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimeenda kwa muuza vipuri vya kompyuta, mama mmoja mwenye miwani mbili, moja puani, nyingine kichwani. Akataka kuniandikia orodha ya vipande vinavyopatana. Nikakataa. Tangu lini vyuma vikagombana?

Nimechagua kwa macho. Kasha dogo jeupe lenye kioo ubavuni. Maridadi! Ubao mkuu, ule unaobeba kila kitu, mweusi wa kung'aa. Prosesa, ndiyo ubongo wenyewe, nimechukua yenye boksi zuri kuliko zote. Kadi ya picha ya feni tatu, ndefu kama kiatu cha askari. Na taa za rangi, mita nne.

Mama akauliza mara mbili kama nina hakika. Kisha akaniambia vitu vinabadilishwa ndani ya siku saba. Hana imani na wateja, yule.

Nyumbani mke wangu akatazama maboksi, akasema mchagua jembe si mkulima. Wivu.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Balaa! Prosesa haikai kwenye ubao. Nimeigeuza pande zote nne. Nimeibembeleza. Nimeitukana. Wapi!

Mama mkwe, ambaye anaishi nasi, alikuwa kwenye kochi ananitazama. Akaniuliza kama nimesoma kile kijitabu kilichokuja na ubao. Nikamjibu kwa adabu kwamba, Mama, vijitabu ni vya wasiojua. Akakichukua, akavaa miwani yake, akaenda nacho chumbani. Ana mambo, mama yule.

Nimerudi dukani kubadilisha ubao. Muuza vipuri hakucheka. Afadhali angecheka.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Kadi ya picha haiingii kwenye kasha. Imezidi kwa vidole vitatu! Na mimi miaka kumi na tisa nawapima watu viuno!

Mke wangu akaniletea tepu yangu ya kupimia. Juu ya sinia. Imefunikwa kitambaa, kama chakula cha mgeni. Akapiga na goti.

Nikachukua msumeno, nikakata kona ya kasha. Kadi ikaingia, pua nje. Pale penye pengo nimeshonea kitambaa cha bitana, pindo mara mbili. Hakuna kiwanda kinachotoa kitu kama hicho.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Natafuta pa kuchomeka waya wa umeme. Hakuna. Nimelizunguka kasha mara tatu. Hakuna!

Shemeji akapiga simu kunijulia hali. Akauliza na mashine je, haijambo? Nikasema sote hatujambo.

Ndipo mama mkwe akatokea na kijitabu, kidole katikati ya kurasa.

"Mwanangu, pawa saplai umeiweka wapi?"

Nikamuuliza ndiyo nini.

"Ndiyo inayopokea umeme na kuugawa. Bila hiyo una kabati."

Tukabeba kasha hadi dukani, mimi mbele, yeye nyuma. Yeye na muuza vipuri wakazungumza nusu saa kama ndugu waliopotezana. Wakafunga, wakafungua, wakaweka na ule mchezo wa magari. Saa kumi alasiri, taa zikawaka! Nikacheza dansi pale pale dukani.

Nimeunda kompyuta! Peke yangu! (Mama alishika bisibisi.)

Jumapili, tarehe 9 Machi

Shemeji kafika na familia nzima. Akaitazama bitana, akauliza kama ni kompyuta au gauni.

Tukaanza. Kona ya kwanza, nikaongoza. Naapa, niliongoza! Kona ya pili nikatumbukia bwawani. Nikamwambia kiti kinayumba. Akasema nimwite kwa cheo chake. Nikamwita. Meno yaliniuma.

Mama mkwe akaomba na yeye ajaribu. Shemeji akamsogezea kiti kwa upole, akamweleza mamaye gari linavyokwenda mbele. Mama akavaa miwani yake. Kumbe asubuhi nzima, sisi tumelala, alikuwa anajifunza! Akampita mwanawe mara moja. Akampita tena. Shemeji jasho linamtoka, ulimi nje.

"Kwenye kona unapunguza, mwanangu," Mama akamwambia bila kugeuka. "Mshale huuoni?"

Nyumba ikalipuka. Mke wangu alikaa chini kabisa, sakafuni, kwa kicheko. Sasa humu tuna Walimu wawili, na mimi.

Lakini uso wa shemeji! Nimelala mchana kama mtoto mchanga.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Nimetafakari, na kosa si langu hata kidogo. Ni joto. Mashine ilipata moto, ndiyo maana ikanitupa bwawani. Nasikia wajuzi hupoza kompyuta kwa maji.

Muuza vipuri kanisihi kwenye simu nisiguse kitu mpaka nifike dukani. Mama anasema kuna ukurasa mzima wa onyo. Watu waoga hawa!

Mke wangu anarudi saa nane. Nimeshafungua mpira wa maji wa mashine ya kufulia na kuupenyeza ndani ya kasha. Naenda kufungulia bomba.

Presha ya maji leo ni nzuri ajabu.